Usukani ulionyooka si ushahidi kwamba magurudumu yamenyooka

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo linalowahusu wote wanaoendesha magari hapa Goma, nalo ni ule unyooshaji wa magurudumu ambao mafundi wetu, kwa kufuata Kifaransa, wanauita paralelismu. Mimi si fundi wa magari. Ninafundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari, na gari langu ni Toyota Corolla ya zamani, ambalo lilikuwa limekwisha kuwatumikia watu wengine miaka mingi kabla halijafika mikononi mwangu. Kilichonisukuma kushika kalamu ni matairi mawili ya mbele niliyoyafunga mvua zilipoanza, siku ile ile niliyolipia paralelismu, na ambayo kabla ya miezi minne kutimia yalikuwa yamelika upande wa ndani hadi nyaya zake zikachungulia, ilhali kwa upande wa nje ungedhani yametoka dukani wiki iliyopita.

Niliwahi kuipeleka kazi hiyo katika garaji ambayo sitaitaja, kwa kuwa ugomvi wangu si na mtu bali na mazoea. Usukani ulikuwa umepinda, yaani nilipokwenda moja kwa moja mikono yangu ilikuwa imeelekea kushoto. Kijana mmoja akaingia chini ya gari, akalegeza nati, akazungusha fimbo za usukani, akatoka, akaliendesha gari hadi njia panda na kurudi, kisha akanikabidhi ufunguo akisema: «Papa, motokari iko muzuri sasa. Volan imenyooka.» Ilikuwa kweli, usukani ulikuwa umenyooka. Nikalipa, nikamshukuru, na matairi mapya yakaanza kulika vile vile kama yale ya zamani.

Baadaye niligonga jiwe katika njia ya Ndosho na usukani ukapinda tena. Safari hii, kabla ya kurudi garaji, nilipima gari nyumbani kwa uzi na rula, kwa namna nitakayoieleza hapa chini. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limefunguka kwa milimita 1, maana yake ncha yake ya mbele ilielekea nje kwa kiasi hicho kuliko ncha yake ya nyuma, na la kulia lilikuwa limefunguka kwa milimita 7. Jumla ni 8. Nikalipeleka gari kwa kijana yule yule, akafanya kazi ile ile, akasema maneno yale yale, nikalipa, nikarudi nyumbani na kutandika nyuzi zangu upya. Kushoto nikapata milimita 4 za kufunguka, kulia nikapata milimita 4 za kufunguka. Jumla ni 8. Usukani ulikuwa umenyooka kabisa, na kosa lilikuwa pale pale, isipokuwa sasa lilikuwa limegawanywa sawasawa kati ya pande mbili kama urithi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kunyoosha usukani na kunyoosha magurudumu ni kazi mbili, na kwamba wengi wetu tunalipia ya pili tukapewa ya kwanza. Kutoka kwenye usukani zinatoka fimbo mbili, moja kwa kila gurudumu la mbele, na mwisho wa kila fimbo kuna kile kiungo cha duara ambacho mafundi wanakiita rotuli. Fundi akirefusha fimbo moja na kufupisha ya pili kwa kiasi kile kile, usukani utarudi katikati, lakini uhusiano wa gurudumu na mwenzake hautabadilika hata kidogo. Ni sawa na watu wawili waliogombana wakaketi kwenye benchi moja, kila mmoja akitazama upande wake: ukiligeuza benchi, wao bado hawatazamani. Gari likiwa mwendoni magurudumu hugawana kosa lao yenyewe kwa usawa, na ndiyo sababu dereva hahisi kitu chochote zaidi ya ule mpindo wa usukani. Ukishaondolewa mpindo huo, kinachobaki hakina dalili mikononi. Dalili yake iko kwenye tairi peke yake, na tairi husema likiwa limekwisha kuharibika.

Milimita 4 zinaonekana kuwa kitu kidogo, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie kwa hesabu fupi, kwani ndiyo kazi yangu. Rimu ya inchi 14, ikipimwa kutoka ukingo hadi ukingo wa nje, ni kama sentimita 38. Gurudumu lililopinda milimita 4 katika sentimita 38 linaelekea pembeni kwa kiasi cha zaidi kidogo ya moja kwa mia, na kwa kuwa gari haliliruhusu kwenda linakoelekea, linaburutwa. Kwa kila kilomita moja ya barabara, tairi hilo ni kana kwamba limeburutwa kando kwa mita 10 na kitu. Kutoka Goma hadi Sake ni takriban kilomita 25. Kwa hiyo kila ninapokwenda Sake, kila tairi la mbele linasuguliwa kando kwa zaidi ya mita 250, na ninaporudi linasuguliwa mita 250 nyingine. Hakuna mpira unaovumilia hayo kwa muda mrefu, uwe ni mpya wa Japani au ule wa okazioni, yaani uliokwisha kutumika, tunaoununua mtaani Birere.

Sitaki kuiondolea barabara lawama yote. Mji wetu umejengwa juu ya volkano na kwa volkano. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji mwezi Januari 2002 ndiyo leo msingi wa nyumba, ukuta wa bustani na sakafu ya vichochoro vyetu vingi, na ile ya Mei 2021 iliyoikata barabara ya Rutshuru imekwisha kupitiwa na magari pia. Gurudumu likitumbukia kati ya mawe hayo, pigo linapita kwenye rotuli na kwenye fimbo, na fimbo inaweza kupinda kidogo bila jicho kuona. Tena yapo magari yaliyokuja na usukani upande wa kulia ukahamishiwa kushoto hapa hapa, na katika magari hayo alama ya katikati iliyowekwa kiwandani haiaminiki tena. Mtu mwenye gari la namna hiyo ageuze usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha ahesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia, arudi nusu ya hesabu hiyo, na aichukue hapo kuwa ndiyo katikati ya kweli.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji chombo chochote. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwanza kutoka nje kwenda ndani ya gari, kisha kutoka ndani kuja nje. Mkono ukiteleza vizuri kuingia ndani na kukwaruzwa ukitoka, magurudumu yamefunga mno, yaani ncha zake za mbele zimekaribiana kuliko inavyotakiwa. Mkono ukikwaruzwa ukiingia na kuteleza ukitoka, yamefunguka. Langu lilikuwa la namna hii ya pili, na lingeniambia hivyo tangu mwezi wa kwanza kama ningelishika. Tairi lililolika katikati tu, au kingo zote mbili kwa usawa, lina shida ya upepo, uliozidi au uliopungua. Hilo halihusiani na paralelismu.

Sasa nije kwenye kupima kwenyewe. Usipime gari bovu. Weka upepo sawa katika matairi yote kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Inua upande mmoja wa mbele kwa jeki, shika tairi kwa mikono miwili kushoto na kulia, ulitikise. Ukihisi mchezo, yaani kulegea, tazama rotuli ya usukani. Kisha shika juu na chini, utikise tena. Mchezo wa hapo unatoka kwenye beringi au kwenye rotuli ya chini. Rotuli iliyolegea ikirekebishwa paralelismu leo, kesho itakaa mahali pengine, na fedha yako imekwenda na maji. Wako mafundi wasiosema hivyo kwa mteja kwa sababu mteja hana fedha ya rotuli, nao wanamwonea huruma. Huruma hiyo ni ghali.

Ukilishusha gari kutoka kwenye jeki, usilipime papo hapo, kwani magurudumu hukaa kwa kubanwa baada ya kuinuliwa. Lisukume mbele mita tatu au nne hadi litulie, na likomee likiwa linakwenda mbele, lisirudishwe nyuma. Usukani uwe katikati na ufungwe kwa kamba kwenye kiti usisogee.

Kifaa changu ni mabomba mawili ya chuma yaliyonyooka, yenye urefu sawa na marefu kuliko upana wa gari kwa sentimita 40 hivi, uzi wa waashi, na bidoni nne za njano za lita 20 zilizojazwa maji, maana ndizo nguzo zilizo nyingi zaidi katika nyumba za Goma. Katika kila bomba nilikata alama mbili kwa msumeno wa chuma, nikihakikisha kwamba umbali kati ya alama ni ule ule kwa mabomba yote mawili. Hapo ndipo usahihi wote ulipo, na kosa katika alama huingia katika kila kipimo kinachofuata. Bomba moja hukaa mbele ya gari juu ya bidoni mbili, la pili nyuma ya gari vile vile, na vipande vya mbao huwekwa chini yake hadi uzi upite usawa wa kitovu cha gurudumu. Nyuzi mbili zikivutwa kutoka alama hadi alama, kila upande mmoja, zinakuwa sambamba zenyewe, kwa sababu umbali kati yake ni mmoja mbele na nyuma.

Kinachobaki ni kuliweka gari katikati ya nyuzi hizo, au kwa kweli kuziweka nyuzi kandokando ya gari kwa haki. Pima kutoka uzi hadi kitovu cha gurudumu la nyuma la kushoto, kisha la kulia, na usogeze bomba la nyuma hadi vipimo viwili vilingane. Fanya hivyo mbele. Rudi nyuma uhakikishe, maana ukisogeza bomba moja lile la pili nalo huharibika kidogo. Si lazima kipimo cha mbele kilingane na cha nyuma, kwa sababu magari mengi yana upana tofauti kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na wengi wanaoshindwa hushindwa hapa: wanalazimisha uzi ulingane mbele na nyuma, halafu wanashangaa matokeo. Kushoto kulingane na kulia, basi. Mara ya kwanza kazi hii ilinichukua asubuhi nzima ya Jumamosi. Siku hizi naimaliza kabla chai haijapoa.

Baada ya hapo chukua rula fupi ya chuma, pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma wa rimu hiyo hiyo, mara zote mbili kwa usawa wa kitovu. Kipimo cha mbele kikizidi cha nyuma, gurudumu limefunga, kikipungua, limefunguka. Tuseme upande mmoja mbele ni milimita 148 na nyuma ni 152: limefunguka kwa milimita 4. Andika kwenye daftari, usitegemee kichwa. Jumlisha pande mbili upate jumla ya gari, kisha pima magurudumu ya nyuma pia, maana ya nyuma yakielekea pembeni gari litakwenda kama mbwa anayetembea upande na utaendelea kuulaumu usukani bure. Kama rimu ilikwisha kugongwa na kupinda, sukuma gari hadi gurudumu lizunguke nusu, pima tena, na uchukue wastani. Mwenye shaka na vipimo vyake anaweza kuvihakiki kwa njia nyingine: ainue mbele, azungushe kila tairi huku ameshikilia msumari penye chaki katikati ya tairi hadi upatikane mstari mwembamba unaozunguka lote, alishushe na kulitembeza gari, kisha apime umbali kati ya mistari hiyo miwili mbele ya matairi na nyuma ya matairi. Tofauti ndiyo jumla, ila itazidi ile iliyopimwa kwenye rimu, kwa sababu tairi ni kubwa kuliko rimu. Haitamwambia ni upande upi wenye kosa, ila itamwambia kama kosa lipo.

Kwa magari mengi madogo, jumla inayotakiwa iko kati ya sifuri na milimita 2 au 3 za kufunga, lakini kitabu cha gari ndicho hakimu na mimi siwezi kumhukumia mwenye Land Cruiser kwa kanuni ya Corolla.

Kurekebisha kunahitaji utulivu kuliko nguvu. Tia alama ya rangi kwenye fimbo na kwenye nati kabla ya kugusa kitu, ili ukipotea ujue njia ya kurudi. Mwagia mafuta ya kulainisha usiku uliotangulia, maana nati nyingi zimeshikwa na kutu. Legeza nati inayofunga rotuli, legeza pia kile kibanio cha mpira wenye mikunjo unaofunika mwisho wa fimbo, la sivyo mpira utajisokota na kupasuka, kisha zungusha fimbo. Fimbo zikiwa nyuma ya ekseli, kama kwenye gari langu, kuzirefusha kunafunga magurudumu. Zikiwa mbele ya ekseli, kuzirefusha kunayafungua. Angalia kwanza chini ya gari lako ujue zako ziko wapi. Kwenye gari langu robo ya mzunguko hubadilisha kama milimita 1 kwenye ukingo wa rimu, kwa hiyo mtu azungushe robo robo, na azungushe pande zote mbili kwa hesabu moja kama usukani umenyooka tayari. Mimi nilihitaji mzunguko mmoja kamili na kidogo kwa kila upande, nikatoka kwenye milimita 8 za kufunguka hadi milimita 1 ya kufunga. Hesi zinazoonekana nje ya nati zisitofautiane sana kati ya kushoto na kulia; zikitofautiana sana, kuna fimbo iliyopinda au usukani usiokuwa katikati, na hilo litafutwe kwanza.

Ili magurudumu yageuke bila kung'ang'ania ardhi wakati wa kurekebisha, weka chini ya kila tairi la mbele vipande viwili vya bati laini vyenye grisi katikati. Ukimaliza, kaza nati, rudisha kibanio, sukuma gari, upime tena. Kukaza nati peke yake kunaweza kuigeuza fimbo kidogo, na nimewahi kupoteza nusu milimita kwa namna hiyo nikaanza upya. Nati isiyokazwa ni hatari kuliko paralelismu mbaya, kwa sababu fimbo ikijizungusha barabarani hutakuwa na muda wa kulaumu mtu.

Niseme neno juu ya mawe. Magurudumu ambayo hayakuinuliwa yazuiwe kwa mawe, na Mungu ametupatia ya kutosha, ila mtu asilibebeshe gari lililoinuliwa jiwe la lava, hasa lile jepesi lenye matundu, kwani hupasuka bila kuonya. Tumia magogo ya mbao nene au miguu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake haingii mtu, hata kwa dakika moja, hata kuokota spana.

Baada ya kurekebisha, jaribu gari kwenye kipande cha lami kilichonyooka. Sisi tunaendesha upande wa kulia, na barabara huinamishwa kidogo kuelekea ukingo ili maji yatoke, kwa hiyo gari likielekea kulia polepole ukiachia usukani kidogo, si ugonjwa. Likivuta kwa nguvu ingawa vipimo ni vizuri, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto. Mvuto ukihama upande, kosa ni la tairi, na hakuna fimbo itakayolitibu. Usipohama, gusa rimu baada ya safari fupi uone kama moja ina joto kuliko mwenzake, maana breki inayoshika huvuta gari vile vile.

Zipo pembe nyingine mbili ambazo uzi hauzifikii. Moja ni ule mwinamo wa gurudumu kwenda ndani au nje likitazamwa kutoka mbele, kama mtu mwenye matege au kinyume chake. Huo unaweza kuonekana kwa timazi: ning'iniza timazi mbele ya gurudumu, pima kutoka kamba hadi ukingo wa juu wa rimu na hadi ukingo wa chini, kwa rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 6 au 7 ni kama digrii moja. Hapa sasa usawa wa ardhi ni sharti, nao katika nyua zetu za lava haupo, kwa hiyo nilitumia mpira mwembamba wa maji kama wa waashi kupata kimo cha magurudumu yote manne na kuweka vipande vya linoleamu chini ya yale yaliyo chini. Kuirekebisha pembe hiyo kwenye magari mengi madogo si kazi ya nyumbani. Pembe ya tatu, ya ule mhimili unaogeukia gurudumu kulala nyuma, ndiyo inayourudisha usukani katikati baada ya kona, na hiyo mimi naiachia mashine. Wenye garaji zilizo na mashine wasidhani nawapigia watu kelele wasije kwao.

Najua mafundi wa kando ya barabara watasema mwalimu anataka kuwanyang'anya mkate. Sitaki. Wanaochonga chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo ambacho mji huu umekijengea sanamu, huwezi kuwaona wakikitoa bila kufumba jicho moja na kutazama kama gurudumu la mbele na la nyuma yako kwenye mstari mmoja, na hakuna anayewaita wachoyo kwa kutazama. Ninachoomba ni kwamba anayefanya paralelismu, kwa mashine au kwa uzi, aandike kwenye risiti namba mbili kwa kila gurudumu: ilivyokuwa na ilivyo sasa. Asiyeweza kuziandika hajapima, na asiyepima amenyoosha usukani. Na sisi wenye magari tuache kuridhika na kuona usukani umesimama wima, tuulize jumla ni ngapi kabla ya kutoa fedha.

Kijana yule wa garaji alipita nyumbani Jumapili iliyopita, akaziona nyuzi bado zimetandikwa, akanikuta nimelala chini na rula. Nilimwonyesha daftari lenye zile 8 mbili, ya kabla na ya baada. Alinyamaza kidogo, akaomba rula, akapima mwenyewe gurudumu la kulia, kisha la kushoto, akarudia. Halafu akaniuliza: «Papa, unaweza niazima izi tuyo mpaka mwisho wa mwezi?»

Nimemwazima mabomba hayo, kwa sharti kwamba asiyakate.

Wako,
Mwalimu wa hesabu na fizikia,
Himbi, Goma